Goti la veterani na mazoezi ya polepole

MWAKA 2005 Gabriel Batistuta alitundika daluga akiwa Qatar. Mashabiki wa Argentina, Fiorentina na Roma wakabaki na kumbukumbu za mabao. Yeye akabaki na vifundo vya miguu vilivyochakaa.

Straika huyo aliyefunga mabao matatu katika mechi moja kwenye fainali mbili mfululizo za Kombe la Dunia, 1994 na 1998, amesimulia mwenyewe kilichofuata. Muda mfupi baada ya kustaafu maumivu yalikuwa makali kiasi kwamba alikojoa kitandani, wakati choo kilikuwa hatua chache tu. Alimfuata daktari akamwomba amkate miguu. Daktari akagoma.

Soka lina deni lake, na halidaiwi uwanjani. Linadaiwa nyumbani, siku unapotaka kuinuka kwenye kiti.

Na si deni la mastaa pekee. Nenda kwenye bonanza lolote la maveterani Jumapili asubuhi, iwe Dar, Tanga au Mombasa. Jamaa ana miaka 45, wiki nzima amekaa ofisini au kwenye bodaboda. Anafika, anapiga jaramba dakika mbili, anaingia kukimbizana na vijana. Jumatatu anashuka ngazi huku ameshika ukuta.

Kwa mtu wa namna hiyo lipo zoezi ambalo wengi wakiliona mara ya kwanza wanacheka: tai chi.

TEKE LISILO NA HARAKA

Tai chi ilianza China kama sanaa ya mapigano, na chimbuko lake linatajwa kuwa kijiji cha ukoo wa Chen, jimbo la Henan, karne ya 17. Leo wengi wanajifunza kwa ajili ya afya. Mwaka 1956 China ilitengeneza mtindo mfupi wa miondoko 24 ili mtu wa kawaida aumudu. Ukishaujua, unaumaliza kwa dakika tano au sita.

Unasimama mgongo umenyooka, magoti yamekunjwa kidogo. Uzito unahamia mguu mmoja taratibu, kisha mwingine, huku mikono ikizunguka na pumzi ikitulia. Hata teke lipo: mguu unapanda, unabaki hewani sekunde kadhaa, unashuka bila mwili kuyumba. Aliyezoea kupiga mashuti atadhani ni mchezo wa watoto. Ajaribu. Dakika chache tu mapaja yanawaka moto.

Hapo ndipo faida ilipo. Misuli ya paja ndiyo inayolisaidia goti kubeba mwili. Ikilegea, mzigo mkubwa unaliangukia goti lenyewe. Tai chi inaijenga misuli hiyo bila kuruka, bila kugongana na mtu, bila kukata kona ghafla.

Watafiti wa Boston, Marekani, walilipima jambo hili na kutoa majibu mwaka 2016. Walichukua watu 204 wenye magoti yaliyochakaa. Kundi moja lilifanya tai chi mara mbili kwa wiki, kwa wiki 12. Kundi jingine lilipewa mazoezi ya tiba chini ya wataalamu wa viungo. Maumivu yalipungua kwa makundi yote mawili, kwa kiwango kinachokaribiana, na nafuu ilikuwepo hata baada ya mwaka mmoja.

GIGGS ALISHAONYESHA NJIA

Mazoezi ya taratibu si mageni kwenye soka. Ryan Giggs, winga wa mbio, alisumbuliwa sana na misuli ya nyuma ya paja. Akageukia yoga, na mwenyewe aliitaja kuwa moja ya sababu za kudumu kwake. Alistaafu mwaka 2014 akiwa na miaka 40, mechi 963 Manchester United.

Lakini tai chi si muujiza. Gegedu likishaisha, hairudishi. Mwenye goti lililovimba aanze kwa daktari. Anayeanza anahitaji mwalimu, kwa sababu goti likipinda kwenda ndani badala ya kuelekea vilipo vidole vya mguu, zoezi litaumiza badala ya kusaidia. Pa kuanzia kuulizia ni kwenye Taasisi za Confucius, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ile ya Nairobi, zinazofundisha Kichina na utamaduni wake.

Maveterani wana kila kitu: uwanja, siku na kikundi. Kinachotakiwa ni nusu saa kabla ya kugawana timu, na uvumilivu wa miezi mitatu.

Atakayecheka pembeni, acheke. Miaka 15 ijayo itaonekana nani anashuka ngazi bila kushika ukuta.