Kigeuza itifaki

Kigeuza itifaki (wingi: vigeuza itifaki) ni kifaa kinachounganisha mitambo isiyotumia kanuni moja ya mawasiliano. Neno itifaki, lililozoeleka katika diplomasia, hapa lina maana ya kanuni zinazoamua nani aanze kusema, ujumbe upangweje na kosa litambuliweje.

Mfano ni mita ya umeme inayotumia Modbus, itifaki iliyotolewa na Modicon mwaka 1979, ambayo inapaswa kusomwa na kidhibiti kinachotumia Profinet. Kigeuza huiuliza mita kwa Modbus, huhifadhi jibu katika kumbukumbu yake, kisha hukipa kidhibiti jibu hilo kwa Profinet.

Ugumu umo katika maana ya tarakimu. Rejista ya Modbus hubeba biti 16. Namba ya biti 32 hugawanywa katika rejista mbili, na itifaki haikuweka mpangilio mmoja wa rejista hizo. Zikipinduliwa, ujumbe hufika bila kosa kutambuliwa, lakini thamani inayosomwa huwa ya uongo. Vilevile, rejista iandikwayo 40001 katika miongozo mingi huombwa kwa anwani 0.

Matumizi: Mfasiri atofautishe kugeuza na kubadilisha. “Geuza itifaki” humtaka fundi aziunganishe itifaki mbili zilizopo. “Badilisha itifaki” huweza kueleweka kuwa aiondoe ya zamani na kuweka nyingine mahali pake. Katika mwongozo wa mtambo unaoendelea kufanya kazi, tofauti hiyo yaweza kuusimamisha.