Cheni ya bodaboda ikitoka kila mara, kagua gurudumu kabla ya kununua nyingine

Mhudumu wa bodaboda ambaye cheni yake inapiga kelele au kutoka kwenye meno kwa kawaida hukimbilia duka la vipuri. Cheni mpya hutulia kwa muda, kisha kelele hurudi, na lawama huangukia mwenye duka kwamba ameuza mali bandia. Mali bandia ipo, lakini mara nyingi kosa liko kwingine: gurudumu la nyuma limekaa upande, na sproketi mbili zinazoivuta cheni hazitazamani. Cheni yoyote itakayofungwa hapo, hata iwe ya bei gani, italiwa.

Suala hili halihusu mfuko wa mhudumu peke yake. Cheni ikikatika pikipiki ikiwa mbioni inaweza kujikunja kwenye sproketi ya mbele na kupasua ganda la injini, au kulifunga gurudumu la nyuma ghafla. Kwa wakazi wa Ganze, Magarini au Kaloleni, ambako bodaboda ndiyo humfikisha mama mjamzito kwenye zahanati usiku, anayeanguka si mhudumu pekee.

Mpangilio wenyewe ni rahisi kuuelewa. Sproketi ndogo imefungwa kwenye injini, na kubwa iko kwenye gurudumu la nyuma. Meno ya zote mbili yanapaswa kuwa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Gurudumu la nyuma limeshikwa na mikono miwili ya chuma, na kila mkono una bolti yake ya kurekebisha. Bolti hizo husogeza ekseli nyuma ili kukaza cheni. Fundi akikaza upande mmoja zaidi ya mwingine, ekseli hukaa mshazari na gurudumu hutazama pembeni. Cheni sasa inaingia kwenye meno kwa pembe, ikisugua ubavu mmoja.

Dalili zake huonekana kwa macho, ila kwenye pikipiki nyingi cheni imefunikwa na bati, hivyo mhudumu anaweza kukaa miezi bila kuiona. Bati likifunguliwa, tazama ubavu wa meno ya sproketi ya nyuma. Ukikuta upande mmoja unang'aa kama umepigwa msasa na mwingine bado una rangi yake, mpangilio umeharibika. Dalili nyingine ni pikipiki kuvuta upande mmoja kwenye barabara iliyonyooka na tairi la nyuma kuisha upande mmoja.

Kazi ya kupima haihitaji mashine. Inahitaji spana, kipande cha waya mgumu na uzi mrefu. Hata hivyo, kuna jambo la kutangulia yote: injini izimwe. Tabia ya kusafisha au kupaka cheni mafuta huku injini ikizungusha gurudumu imewaachia watu vidole vilivyokatika, na hakuna haraka ya abiria inayostahili kidole. Gurudumu lizungushwe kwa mkono, gia ikiwa huru.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali pa tambarare. Kabla ya kugusa bolti yoyote, shika tairi la nyuma kwa mikono miwili, mbele na nyuma, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, beringi au bushi za mikono ya nyuma zimekwisha, na kurekebisha mpangilio kabla ya kuzibadilisha ni kupoteza muda. Pikipiki ambazo hubeba mizigo kupita kiasi zinaweza pia kuwa na mkono uliopinda. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, na sehemu hii ya pikipiki ni mojawapo ya zinazoonyesha mapema kwamba sheria hiyo haikufuatwa.

Kisha pima. Kwenye mikono yote miwili kuna alama ndogo zilizochongwa na kiwanda, na mafundi wengi huzitegemea. Ni mwanzo mzuri, lakini kwenye pikipiki iliyowahi kuanguka alama hizo zinaweza kudanganya. Kipimo cha kuaminika zaidi ni umbali kutoka katikati ya bolti ambayo mikono hiyo inazungukia hadi katikati ya ekseli. Kunja waya ulingane na umbali wa upande mmoja, uhamishie upande wa pili. Usipolingana, umepata kosa.

Uzi unathibitisha. Uzungushe nyuma ya tairi la nyuma, uvute ncha zote mbili hadi mbele ya pikipiki, moja kila upande, ziguse tu ubavu wa tairi la nyuma bila kupinda, kwa urefu ambao stendi haizuii. Usukani uwe umenyooka. Tairi la mbele kwa kawaida ni jembamba kuliko la nyuma, hivyo nafasi itabaki kati yake na uzi. Nafasi ya kushoto na ya kulia zikiwa sawa, magurudumu yamenyooka.

Kurekebisha kunaanza kwa kulegeza nati ya ekseli, bila kuitoa. Weka kwanza ukazo wa cheni kwa bolti ya upande wenye cheni. Kwa pikipiki nyingi za kazi, cheni ikibonyezwa katikati inapaswa kucheza kati ya milimita 20 na 30, ingawa kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye neno la mwisho. Ukazo ukipatikana, tumia bolti ya upande wa pili kunyoosha gurudumu, robo mzunguko kwa wakati mmoja, ukipima kila mara. Cheni isikazwe kama waya wa gitaa. Mikono ya nyuma hupanda na kushuka barabarani, na cheni iliyokazwa kupita kiasi huvuta beringi za injini.

Kaza nati ya ekseli, kisha pima tena, kwa sababu kule kukaza kwenyewe huweza kusogeza gurudumu. Breki ya nyuma nayo iangaliwe. Ekseli ikirudi nyuma, ufito wa breki huvutika na breki huanza kushika bila kukanyagwa.

Wakati mwingine magurudumu hunyooka na cheni bado inasugua pembeni. Hapo mshukiwa wa kwanza ni kazi ya pancha. Gurudumu linapotolewa kuzibwa, pete za chuma zinazokaa kwenye ekseli, ambazo mafundi huziita spesa, hutoka pia. Zikirudishwa kwa kubadilishana upande, sproketi nzima husogea milimita kadhaa na hakuna bolti itakayoisahihisha. Inafaa mwenye pikipiki asimame karibu na atazame pete ipi imetoka upande upi. Mshukiwa wa pili ni sproketi ya mbele, iliyolegea au iliyofungwa kinyume. Wa tatu ni sproketi ya nyuma iliyopinda. Zungusha gurudumu polepole na uitazame kutoka nyuma, utaiona ikiyumba.

Cheni ambayo imeshalika haitaponywa na mpangilio. Cheni za aina ya 428, zinazotumika kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, zina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Nafasi 20 za cheni mpya ni milimita 254. Zikifika 259, cheni imerefuka kwa takribani asilimia 2 na wakati wake umekwisha. Ibadilishwe pamoja na sproketi zote mbili, maana meno yaliyokunjika kama ndoana huharibu cheni mpya haraka. Klipu ya kiungo ifungwe upande wake uliozibwa ukitangulia kule cheni inakoelekea. Ikifungwa kinyume, jiwe moja linaweza kuing'oa.

Kwenye barabara za mchanga na changarawe, vumbi likichanganyika na mafuta machafu ya injini huwa msasa. Cheni ifutwe kwanza kwa kitambaa, ndipo ipakwe mafuta mazito ya gia, kidogo, upande wa ndani.

Baada ya siku ya kwanza ya kazi, angalia ukazo tena na ukaze nati. Cheni mpya hulegea mapema.