Mahali pa Kuzalia (Sehemu ya Pili): Hirola wa Hulugho na mbuga iliyoziba

Wiki iliyopita tulikuwa mbali, kwenye visiwa vya Namibia na Afrika Kusini, tukiwatazama pengwini wa Afrika. Kwa aliyekosa toleo lile, kisa chao kwa ufupi ni hiki. Ndege hao walikuwa wakichimba mashimo ya kutagia ndani ya tabaka nene la kinyesi cha ndege wa baharini, lililorundikana kwa karne nyingi. Katika miaka ya 1840 meli kutoka Ulaya zilifika kisiwa cha Ichaboe, zikakikwangua kinyesi hicho mpaka kwenye mwamba ili kiende kurutubisha mashamba. Visiwa vingine vikafuata. Pengwini akabaki anataga juu ya jiwe tupu. Jua likimzidi huyaacha mayai akakimbilia majini, na shakwe huja kuyanyakua. Mwanzoni mwa karne ya 20 pengwini hao walikadiriwa kuzidi milioni moja. Leo jozi zinazozaa hazifiki 10,000, na mwaka 2024 walitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Uokotaji wa mayai na upungufu wa dagaa umechangia sana, lakini kupotea kwa mashimo ni sehemu ya kisa ambayo haiwezi kurukwa.

Leo turudi Kenya. Hulugho iko kusini mwa Kaunti ya Garissa, ukingoni mwa mpaka wa Somalia. Ni nchi ya wafugaji, maji ni ya taabu, na mvua kubwa ikinyesha gari hukwama siku nzima. Pengwini hayupo. Yupo swara mmoja aitwaye hirola, Wasomali wanamwita arawla, ambaye katika dunia nzima makao yake ya asili yamebaki eneo hili tu: Hulugho, Ijara na mbuga zinazoelekea Mto Tana. Zamani alivuka mpaka hadi kusini mwa Somalia.

Ana rangi ya mchanga, pembe ndefu zilizopinda kama za kongoni aliyenyooshwa, na mstari mweupe unaopita kutoka jicho hadi jicho. Chini ya macho ana tezi kubwa nyeusi, ndiyo maana wengine humwita swara wa macho manne. Wanasayansi wa Ulaya walimwandika mwaka 1889, baada ya mwindaji wa Kiingereza aitwaye Hunter kumpata karibu na Mto Tana. Katika jenasi yake hana ndugu mwingine aliye hai. Akitoweka, Afrika bara itakuwa imepoteza jenasi nzima ya mamalia, jambo ambalo halijapata kutokea katika zama hizi. Wala hakuna akiba mahali pengine, kwa sababu bustani za wanyama duniani hazina hirola hata mmoja.

Katika miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa takriban 14,000. Leo hawazidi 500.

Kilichowaangusha kinajulikana. Kati ya mwaka 1983 na 1985 sotoka, ule ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Afrika tangu mwisho wa karne ya 19, ulipita katika nchi hii ukikutana na ukame mkali. Mifugo ilikufa, na wanyamapori wenye kwato wakafa pamoja nayo. Mzee yeyote wa Ijara anayeikumbuka miaka ile hahitaji takwimu zangu.

Fumbo linaanzia baada ya hapo. Sotoka umekwisha. Mara ya mwisho ulionekana Kenya mwaka 2001, kwa nyati wa Meru, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kuwa umetokomezwa kabisa. Hirola angepaswa kurudi. Tunajua hivyo kwa sababu tuna mfano wa jirani. Chanjo ya ng'ombe ilipoukata sotoka kandokando ya Serengeti, nyumbu waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 walifika zaidi ya milioni moja kabla ya miaka 20 kwisha. Ugonjwa ni ule ule, na nyumbu na hirola ni wa ukoo mmoja wa karibu. Kwa nini mmoja amefurika na mwingine amekwama kwenye mamia?

Jibu langu, na la watafiti walioshinda kwenye vumbi la Garissa, ni lile lile la pengwini: tazama mahali wanapozalia. Nyumbu wa Serengeti walipopona walikuwa bado na nyanda zao za nyasi fupi kusini mwa hifadhi, ambako wanazaa kila mwaka wakiona mbali pande zote. Hirola alipopona, mbuga yake ilikuwa inafungwa.

Mwanaikolojia Abdullahi Ali, mwenyeji wa Garissa, na wenzake walilinganisha picha za setilaiti za eneo la zamani la hirola. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kuwa kati ya mwaka 1985 na 2012 eneo lililofunikwa na miti liliongezeka kwa asilimia 251. Soma tena tarakimu hiyo. Kwa kizazi kimoja tu cha watu, sehemu kubwa ya nyika iliyokuwa wazi imekuwa vichaka vya migunga na miti ya miiba. Hirola waliovishwa vifaa shingoni ili mienendo yao ifuatiliwe walionekana wakiikwepa miti hiyo na kung'ang'ania vipande vya nyasi vilivyobaki.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo penye ufunguo. Hirola hali majani ya miti, anakula nyasi, na anapenda zile fupi za kijani. Jike huzaa ndama mmoja tu. Ndama wengi huzaliwa karibu na mvua za deyr, Oktoba na Novemba, nyasi zinapochipuka na mama anapohitaji chakula cha kutoa maziwa. Siku zikikaribia, jike hulitoka kundi akaenda kuzaa peke yake, na anaweza kukaa peke yake na mtoto hadi wiki mbili kabla ya kurudi kwa wenzake. Kwa muda huo ulinzi wao ni macho. Katika mbuga wazi jike humwona fisi au duma akiwa bado mbali, akapata nafasi ya kuondoka. Kwenye kichaka, simba hujitokeza hatua chache kutoka alipo.

Kwa hiyo ziba mbuga, na mambo mawili hutokea kwa pamoja: chakula cha mama hupungua, na adui wa mtoto hupata maficho. Hesabu yake ni ya kusikitisha. Chukua majike 10 yanayozaa vizuri kila mwaka. Ikiwa ndama wanane wataliwa au watakufa njaa kabla ya kutimiza mwaka, wawili waliobaki hawatoshi kuziba nafasi za wakubwa wanaozeeka na wanaouawa. Kundi litaonekana lipo, watalii watapiga picha, ripoti zitaandikwa, nalo linakufa polepole. Mbwa mwitu, duma na simba wa Garissa hubebeshwa lawama, na kweli wanakula. Lakini walikuwepo hata hirola walipokuwa 14,000.

Miti hiyo imetoka wapi? Si mathenge, ule mti vamizi wa kigeni, peke yake, kama wengi wanavyodhani. Mathenge ni balaa kwelikweli kandokando ya mto na miji, lakini vichaka vinavyomziba hirola kwa kiasi kikubwa ni vya miti yetu ya asili. Kilichoondoka ni wale walioizuia. Wa kwanza ni ndovu. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwamaliza ndovu wa eneo hili kwa ajili ya pembe, katika mkoa ambao tangu vita vya shifta ulikuwa chini ya sheria za hali ya hatari na bunduki hazikuwa adimu. Ndovu huvunja, hung'oa na humenya magome. Pasipo ndovu, mche wa mgunga hukua hadi ukawa mti. Wa pili ni moto, ambao zamani ulipita nyikani na kuua miche, na sasa hauna nyasi za kutosha kuubeba. Wa tatu ni sisi na mifugo yetu. Watu wametulia kandokando ya visima na mabwawa, ng'ombe hawahami mbali kama zamani, na mahali palipokuwa pakipumzishwa msimu mzima sasa panachungwa mwaka mzima. Nyasi zikiishiwa mizizi, mti hushinda.

Watu wa kusini mwa Garissa hawakukaa kimya. Hifadhi ya Taifa ya Arawale ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya hirola, lakini kwa miaka mingi imekuwa hifadhi ya karatasi zaidi kuliko ya ardhini. Kabla yake, mwaka 1963, hirola kadhaa walihamishiwa Tsavo Mashariki. Mwaka 1996 serikali ilipotaka kuchukua wengine, wenyeji walikwenda mahakamani kupinga. Wapo waliowacheka wakati ule. Mimi naona walikuwa na hoja: mnyama ni wao, wamekaa naye bila kumwinda mpaka akaisha, kwa nini dawa iwe kumwondoa? Baadhi walihamishwa hata hivyo, na kundi la Tsavo limeendelea kuishi, ila limebaki dogo.

Muongo uliofuata jamii za Ijara zilitenga ardhi yao wenyewe na kuunda Hifadhi ya Jamii ya Ishaqbini, kandokando ya Tana. Huenda msomaji ameisikia kwa sababu nyingine: ndipo walipoishi wale twiga weupe ambao habari za kuuawa kwa jike na mtoto wake zilienea duniani Machi 2020. Twiga mmoja mweupe aliandikwa na magazeti ya mabara yote. Hirola wanaoishi karibu naye hawakupata hata aya moja. Ndivyo ilivyo biashara yetu ya habari.

Mwaka 2012 Ishaqbini walijenga uzio wa kuzuia wanyama wakali na kuwaingiza hirola 48 ndani. Hapo ndipo dhana ilipojaribiwa. Hirola ni wale wale, mvua ni ile ile, ila adui wa ndama amezuiwa. Na kundi likaongezeka hata kupita maradufu kwa miaka michache. Hirola hana tatizo la uzazi. Mpe mahali pa kulelea mtoto, atazaa.

Lakini uzio una mipaka yake. Ardhi ndani ni ndogo, nyasi zake zina kikomo, na wakati wa ukame mrefu wa mwaka 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo mvua ziliposhindwa, hata waliokuwa ndani walihitaji kusaidiwa. Tena watakaotolewa nje watarudi wapi? Kwenye vichaka vilevile. Pengwini nao wana funzo hapa. Wahifadhi waliwatengenezea viota vya bandia, na baadhi ya vile vya mwanzo viligeuka kuwa tanuri ndani. Kiota cha kuundwa kinasaidia ukiwa unarudisha mazingira yaliyofanya viota vya kweli viwezekane. Kama hurudishi, unaahirisha tu.

Sasa niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wasomaji. Serikali ya Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Ni lengo jema kwa misitu ya Mau na Aberdare. Kwa nyanda za nyasi za Hulugho, mti wa ziada katika mbuga ya hirola ni hasara, kwa swara na kwa ng'ombe pia. Nyika si msitu uliokatwa unaosubiri kupandwa upya. Afisa anayetumwa na miche kutoka Nairobi aulize kwanza ardhi ile ilikuwaje mwaka 1980. Wala sisemi kila mtu achukue shoka. Ruhusa ya kufyeka bila mpango hapa ingekuwa neema kwa wachoma mkaa, nao hawachagui mti. Miti mikubwa ya kivuli na ya kando ya mito ibaki.

Kinachohitajika kinajulikana: kulinda ndovu wachache wanaorudi kutoka upande wa msitu wa Boni, kupunguza vichaka katika maeneo yaliyochaguliwa na wenyeji, kuotesha tena nyasi za asili, na kurudisha desturi ya kupumzisha malisho. Hatua ya kuwataka watu wapunguze mifugo ndiyo ngumu kuliko zote, na anayeileta kwanza hufukuzwa mkutanoni. Afadhali aanze na nyasi. Nyasi zikikosekana ng'ombe ndiye wa kwanza kuanguka, kabla ya mbuzi na ngamia, kwa hiyo mfugaji wa Hulugho na hirola wanadai kitu kimoja.

Ombi langu kwa serikali ya kaunti, kwa wazee wa Hulugho, Sangailu na Ijara, na kwa vijana waliosomea mambo haya: kabla ya deyr ijayo kila eneo litenge kipande kimoja cha mbuga, kisichungwe, kipandwe mbegu za nyasi, na kilindwe hadi ndama wa Oktoba na Novemba wapate nguvu za kukimbia. Mbegu zinaweza kukusanywa papo hapo, na ulinzi wenyeji wanaujua.

Wiki ijayo tutakwenda Ziwa Natron, Tanzania, wanakozaliwa heroe wadogo karibu wote wa Afrika Mashariki.