Dawa Kali, Uboho na Kura Iliyochelewa (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye swali: ikiwa kipimo kidogo cha kemotherapia kinaipunguza saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa, kwa nini kisiongezwe mpaka ugonjwa uishe kabisa?

Madaktari wa Boston, na baadaye wa Chuo Kikuu cha Duke, William Peters akiwa miongoni mwao, walilishika swali hilo miaka ya 1980. Kizuizi kilikuwa uboho, ile nyama laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Dawa ikizidi, uboho hufa, na homa ndogo tu yaweza kumchukua mgonjwa. Basi wakaamua kuzitoa kwanza chembe shina za mgonjwa mwenyewe, zile chembe za uboho zinazoizaa damu, kuziweka akiba, kummiminia dawa, kisha kumrudishia.

Mgonjwa hudungwa sindano za kuzichochea chembe hizo zitoke mifupani ziingie kwenye damu. Hulala saa kadhaa huku mashine ikiichuja damu yake na kuirudisha mwilini. Kilichochujwa hugandishwa kwenye naitrojeni ya maji, kwa baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hapo ndipo dawa kali huingia, kwa siku chache. Mfuko wa chembe unapoyeyushwa na kutundikwa kama dripu, chumba hunuka kitu kama kitunguu saumu, harufu ya kemikali iliyozikinga zisiharibiwe na barafu. Kinachobaki ni kungoja, wiki mbili hivi, katika chumba cha peke yake. Mdomo na koo huchubuka hata mate hayamezeki, na kila asubuhi damu hupimwa kuona kama chembe nyeupe zimeanza kurudi. Katika baadhi ya majaribio ya mwanzo, zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kumi alikufa kwa tiba yenyewe.

Hata hivyo waliopona misukosuko hiyo walionekana kuishi muda mrefu kuliko wagonjwa wa zamani waliosomwa kwenye majalada. Kosa lilikuwa hapo. Ili mtu akubaliwe, ilimpasa awe bado na nguvu, moyo na figo zake ziwe nzima, na awe amepigwa picha za kila aina. Aliyekutwa na uvimbe uliojificha aliachwa. Kundi lililochujwa hivyo lingeishi zaidi hata kwa dawa za kawaida. Njia ya kuujua ukweli ilikuwa kuwagawa wagonjwa wanaofanana kwa kura, nusu wapate hii na nusu ile.

Lakini nani angekubali kura? Mwaka 1993 baraza la mahakama huko California liliiamuru kampuni ya bima iliyokataa kumlipia mwanamke mmoja tiba hii itoe dola milioni 89. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Bima nyingi zikaanza kulipa, na kura ikakimbiwa. Siwalaumu wanawake wale. Mama aliyeambiwa kwamba tumaini lake liko chumba cha pili hawezi kukubali sarafu irushwe. Wa kulaumiwa ni sisi watu wa elimu, tulioliita tumaini hilo tiba kabla ya kulipima.

Mei 1999, huko Atlanta, hatimaye yalisomwa matokeo ya majaribio matano ya kura. Manne hayakuonyesha faida ya maana. La tano, la Werner Bezwoda wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, lilisifu tiba mno. Wakaguzi kutoka Marekani walikwenda kuangalia majalada Januari 2000: mengi hayakuonekana, wala hawakukuta karatasi za ridhaa zilizotiwa saini. Bezwoda alikiri kudanganya. Uchungu wangu mkubwa uko hapa, kwamba wanawake wa Afrika walitumiwa bila uthibitisho kwamba waliulizwa.

Aprili mwaka huohuo yakachapishwa matokeo ya jaribio lililoongozwa kutoka Philadelphia, lililochukua takriban miaka saba kupata wagonjwa. Baada ya miaka mitatu, asilimia 32 ya waliorudishiwa chembe shina walikuwa hai, na asilimia 38 ya waliopewa dawa za kawaida. Tofauti hiyo kitakwimu si kitu. Kufikia hapo, wanawake zaidi ya 20,000 wa Marekani walikwisha kupitia chumba kile.

Njia hiyohiyo bado inafaa kwa saratani fulani za damu, kama mayeloma, kwa hiyo ndugu yako akishauriwa hivyo asikimbie. Ila kwa saratani yoyote, kabla ya kuuza shamba kulipia tiba mpya, muulize daktari: imepimwa kwa kura, na matokeo yalikuwaje?