Mbio Zinazoamuliwa na Kilima

Katika fainali ya mbio fupi za skii za wanaume kwenye Olimpiki ya PyeongChang, Korea Kusini, mwaka 2018, Johannes Høsflot Klæbo wa Norway alikifikia kilima cha mwisho na kubadili mwendo. Katika mtindo wa klasiki, uliotumika siku hiyo, kwa kawaida skii huteleza katika kila hatua. Yeye alianza kukimbia: hatua fupi za haraka, skii zikigusa theluji na kunyanyuka papo hapo. Akawaacha wenzake. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 5.75, sekunde 1.34 mbele ya Federico Pellegrino wa Italia. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Kwa nini kilimani? Kwa sababu huko ndiko jasho lina thamani. Kwenye tambarare na mteremko mpinzani mkubwa ni hewa, na hewa haina huruma: kuongeza kasi mara mbili hudai nguvu mara nane ili kuishinda. Anayejisukuma kwa fujo huku tayari anakwenda kasi hupata faida ya kiduchu. Anapopanda, kasi ni ndogo, hewa haimsumbui sana, na nguvu ya ziada hugeuka karibu yote kuwa mwendo. Isitoshe, zaidi ya nusu ya muda wa mashindano kwa kawaida huishia kwenye mipando, hata kama si nusu ya umbali.

Basi mtelezaji hodari hagawi nguvu zake sawasawa. Anapopanda hutumia nguvu kupita kiasi ambacho moyo na mapafu vinaweza kukilipia kwa oksijeni, na misuli hukopa. Katika mbio za dakika tatu hivi, takriban robo ya nishati yote hutokana na mkopo huo. Kisha huja mteremko: magoti yamekunjwa, mgongo umeinama, vijiti vimebanwa kwapani, na kwa sekunde chache sehemu ya deni inalipwa huku skii zikifanya kazi bure.

Mkimbiaji wa mita 800 hana mahali pa kupumulia namna hiyo. David Rudisha alipoweka rekodi ya dunia ya 1:40.91 mjini London mwaka 2012, alikimbia mzunguko wa kwanza kwa sekunde 49.28 na wa pili kwa 51.63. Mkenya mwenzake Philip Boit aliyajua mambo yote mawili. Alitoka kwenye mita 800 akaingia kwenye skii, na mwaka 2002 huko Salt Lake City alikuwa miongoni mwa walioshiriki mbio fupi zilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza.

Siku ya mashindano huanza na mchujo. Kila mmoja huondoka peke yake kupambana na saa, na 30 bora husonga mbele. Hapo wengi huanza kwa kasi kuliko wanavyomaliza, na kwa kiasi fulani hilo si kosa. Kosa ni kukopa kila kitu kwenye mpando wa kwanza. Aliyefanya hivyo hutambulika kwenye mita mia za mwisho: mikono imekuwa mizito, vijiti vinachelewa kugusa theluji, kiuno kimekataa kuinama.

Baada ya mchujo hesabu hubadilika. Robo fainali huwa na watu sita. Wawili wa kwanza wanapita, na wawili zaidi huchukuliwa kwa muda wao kutoka robo fainali zote. Kujibanza nyuma ya mwenzako anayekata upepo ni akili nzuri, lakini kundi zima likifanya hivyo mwendo unadorora, na wa tatu anaenda nyumbani.

Tena mshindi hulazimika kukimbia mara nne siku hiyo hiyo, na mapumziko hupungua kadiri fainali inavyokaribia. Anayetoka nusu fainali ya pili hupumzika kidogo kuliko wa kwanza. Ndiyo maana, kwenye mashindano ya Kombe la Dunia ambapo waliofanya vizuri katika mchujo huchagua robo fainali yao, za mwanzo, zinazoelekea nusu fainali ya kwanza, hugombaniwa. Mara nyingi anachonunua mwenye kuchagua ni dakika chache za kukaa.