Mchumba anataka kuwa mchungaji? Pigeni hesabu kabla ya harusi

Umempata. Anakupenda, halewi, wala hakufichi simu. Ana jambo moja tu la kukueleza: anahisi Mungu amemwita awe mchungaji. Tena si wa kanisa kubwa la mjini. Anataka kuanza na kanisa la mabati hapa Kihoto, Naivasha, mtaa wa vibarua wa mashamba ya maua, ambako sadaka ya Jumapili huwa sarafu nyingi na noti chache.

Usiku ukalala ukijiuliza: sasa tutakula nini?

Kuuliza hivyo si kukosa imani. Afadhali uulize leo kuliko uje kuuliza ukiwa na mtoto wa pili mgongoni.

Huenda umeshatajiwa Bruda Peter Tabichi. Mtawa huyu Mfransisko alikuwa akifundisha Shule ya Upili ya Keriko, huko Njoro, kaunti yetu hii ya Nakuru, aliposhinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka wa 2019. Zawadi ilikuwa dola milioni moja. Kilichowagusa wengi zaidi ni kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia wasiojiweza.

Mfano mzuri sana. Lakini Bruda ni mtawa, hana mke wala watoto. Ninyi mkitoa asilimia 80, atakayelala njaa ni mtoto ambaye hakuulizwa. Kwa mtu aliye peke yake, kujinyima ni uamuzi wake. Kwa familia, ni uamuzi wa nyumba nzima.

Kwa hivyo mkubaliane pesa zitaenda wapi kabla hazijaingia. Kodi na unga kwanza, kisha bima ya afya. Mchango wa SHA kwa asiye na mwajiri hauanzii mbali, ni Sh300 kwa mwezi, ila hulipwa wa mwaka mzima, yaani Sh3,600. Wekeni kidogo kidogo. Mkingoja mtoto augue ndipo mtafute, mtaishia kuchangisha kwa WhatsApp.

Pili, msikope ili muonekane mmebarikiwa. Kihoto yenyewe imetufunza. Ziwa Naivasha lilifurika hadi mtaani mwaka wa 2020, na mwaka wa 2025 maji yakarudi kwa kishindo. Nyumba na makanisa yalizama, watu wakahamishwa kwa mashua. Siku kama hiyo ndiyo unajua mali yako ni ipi. Sofa ya mkopo haiingii kwenye mashua, lakini deni lake litakufuata hadi nyumba mpya. Ukipata chumba kidogo palipoinuka, kichukue, hata kama wenzako watakucheka. Jikune unapojipata.

Tatu, kazi ya mkono si aibu. Mtume Paulo alipokuwa Korintho alishona mahema huku akihubiri. Mchungaji anayeendesha boda au kunyoa watu siku za wiki hajapunguza wito wake. Na wewe ukiwa na kibanda chako cha mboga, hujamkosea Mungu.

Nne, na hapa wengi huteleza: kuridhika si kunyamaza. Muulizeni mzee wa kanisa mapema, mtalipwa kiasi gani na lini? Kanisa likiwa halina, mtajua na mtajipanga. Likiwa nalo lakini linawaacha watoto wenu wafukuzwe shule kwa sababu ya karo, hiyo ni dhuluma, hata ikipakwa rangi ya unyenyekevu.

Kwani kuna raha yoyote katika maisha haya? Ipo. Ipo raha ya kulala bila kuogopa simu ya anayekudai. Ipo raha ya kula sukuma na ugali na jirani aliyekuja bila kualikwa, na chakula kikatosha. Lakini raha hiyo haiji tu kwa kuvaa pete. Paulo mwenyewe aliwaandikia Wafilipi kwamba alijifunza kuridhika. Hakuzaliwa nayo.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya kuchagua rangi za harusi, kaeni chini na kalamu na karatasi. Andikeni kinachoingia, kinachotoka, na kile ambacho hakuna kati yenu aliye tayari kukikosa. Akikwambia Mungu atatoa na akakataa kuandika, usikimbilie madhabahuni. Ngoja kwanza ajifunze kuhesabu nawe.