Usiache Mbachao: Chakula Chetu na Kicheko cha Darasani

Miaka mingi iliyopita, nikifundisha katika shule moja ya msingi huko Ukambani, niliwapa wanafunzi wa darasa la saba insha kuhusu mlo waupendao. Karibu wote waliandika juu ya mkate uliopakwa siagi, chipsi na soda, ingawa wengi wao walivionja vyakula hivyo siku ya Krismasi tu. Msichana mmoja aliandika juu ya sima ya mtama na majani ya kunde aliyoyachuma shambani mwa nyanyake. Niliisoma insha yake kwa sauti. Darasa zima likaangua kicheko. Mimi pia, mwalimu wao, nilicheka. Nikampa alama 18 kati ya 40.

Kicheko kile kinanisuta hadi leo.

Mnamo Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya unga wa ngano na ya mkate ilipanda madukani mwetu. Wengi walishangaa: vita vya Ulaya vinahusianaje na kifungua kinywa cha mtoto wa Mwingi? Jawabu si fumbo. Ngano tunayoilima Narok, Uasin Gishu na kwingineko haitoshi hata nusu ya mahitaji yetu. Nyingine yote huja kwa meli, na sehemu kubwa yake ilikuwa ikitoka katika nchi hizo mbili zilizokuwa vitani. Mchele nao ni vivyo hivyo. Pishori ya Mwea tunaisifu, lakini sufuria nyingi hujazwa mchele wa Pakistan na wa nchi nyingine za Asia. Wakati huo huo sisi tunawauzia Wazungu maua na parachichi.

Sisemi kwamba biashara ni dhambi. Wala sisemi kwamba kila kilichovuka bahari ni haramu mezani petu. Mahindi na mihogo, tunavyoviita leo vyakula vya kienyeji, asili yake ni Amerika. Vilifika kwetu baada ya Wareno kuanza kuzizunguka bahari hizi. Chakula kinakuwa chetu kinapokubaliana na udongo wetu na mvua yetu, na mikono yetu inapojua kukilima. Ninachokilaumu ni kulitegemea ghala la jirani huku letu likiingia buibui.

Waama, hatukuuacha mtama kwa sababu ya aibu peke yake. Mtama una adui mkubwa, naye ni ndege. Zamani watoto ndio waliokesha mashambani wakiwafukuza kwa kombeo na kelele. Watoto hao walipokwenda shule, na ilikuwa haki yao kwenda, shamba lilibaki bila mlinzi. Wazazi wakapanda mahindi, ambayo hayasumbuliwi sana na ndege lakini hunyauka upesi mvua inapokatika. Basi shule ilichukua mikono iliyoulinda mtama, kisha sisi walimu tukamfunza mtoto kuucheka. Deni hilo ni letu.

La kutia moyo ni kwamba wapo wasomi walioanza kulilipa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kuzichunguza mboga ambazo wengine waliziita magugu: mnavu, yaani managu, mwangani, ambao wengi huuita saga, mrenda na kunde. Mboga hizi zina madini ya chuma na vitamini kwa wingi. Mwaka wa 2021, UNESCO nayo iliitambua kazi iliyofanywa nchini Kenya ya kuvihifadhi vyakula vya jadi kuwa mfano mwema wa kuigwa.

Lakini sifa za ng'ambo hazitoshi ikiwa mtoto bado anaificha mihogo yake nyuma ya darasa wakati wa chakula cha mchana. Walimu wenzangu, mtaala wa sasa unafundisha kilimo na lishe; tusiyaache masomo hayo yaishie ubaoni. Shule inayopika chakula cha mchana na inunue kunde, mbaazi na mboga kwa wakulima walioizunguka, ambao ndio wazazi wa wanafunzi wake. Kila darasa na liwe na tuta lake. Nanyi wanafunzi, waulizeni nyanya zenu majina ya mboga mlizozisahau na namna ya kuzipika, kabla maarifa hayo hayajazikwa pamoja nao.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa ngano ulipita mwaka wa 2022, na wengi wetu tulijikuta tumekaa sakafuni.

Lau insha ile ingerudi mezani pangu leo, ningeisoma tena kwa sauti mbele ya darasa. Safari hii ningelingoja darasa linyamaze, kisha nimwombe msichana yule atueleze jinsi nyanyake alivyowafukuza ndege.